Tangi la septiki linalojaa kila mara: jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kuita gari la kunyonya

Sehemu kubwa ya nyumba za Dar es Salaam haijaunganishwa na mabomba ya majitaka ya mji, na kwa hiyo kila mwenye nyumba ndiye mwendeshaji wa mtambo wake mdogo wa kusafisha maji, ajue au asijue. Wengi hawajui, na ujinga huo hulipiwa kwa safari za gari. Choo kikianza kurudisha maji, gari la kunyonya huitwa; likiondoka, hali hutulia kwa wiki tatu au nne; kisha maji hurudi tena na gari huitwa tena. Kwa kuwa malipo huhesabiwa kwa safari, na kwa kuwa umbali wa kwenda kumwaga, mathalani kwenye mabwawa ya Vingunguti, huingia katika bei, familia inayokaa Tegeta au Mbagala inaweza kumaliza kwa mwaka mmoja fedha ambazo zingetosha kuondoa tatizo lenyewe kwa miaka mingi. Gari ni tiba ya tope. Matatizo mengi ya matangi ya nyumbani hayatokani na tope.

Ni vyema kulielewa hili kwa hesabu. Tangi la septiki lililo zima huwa limejaa maji wakati wote. Kila ndoo inayoingia kutoka chooni husukuma ndoo nyingine itoke upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonyea, ambako ardhi huyanywa maji hayo, huku vitu vizito vikibaki chini kama tope na mafuta yakielea juu kama utando. Kinacholijaza tangi kwa maana ya kulichosha ni tope na utando huo peke yake. Makadirio ya kawaida ya wahandisi ni kwamba mtu mmoja huongeza lita 40 hivi za tope kwa mwaka, ingawa kiasi hupanda au kushuka kulingana na mapishi, matumizi ya maji na joto. Familia ya watu 6 huongeza basi lita 240 kwa mwaka, na katika miezi minne huongeza lita 80, yaani ndoo nne za lita 20. Gari linalokuja kila baada ya miezi minne na kuondoka na lita 5,000 limebeba ndoo nne za tope, na sehemu yote iliyobaki ni maji ambayo kiwanja kingeyanywa bure. Kwa familia hiyohiyo, tangi la lita 3,000 linapaswa kukaa takriban miaka minne kabla tope halijafika theluthi moja ya ujazo wake, na hapo ndipo kunyonya kunapostahili.

Tahadhari kabla ya kufungua mfuniko

Hewa iliyomo ndani ya tangi na mashimo haya ina gesi zinazoua. Mojawapo hunuka kama yai viza mwanzoni, kisha hulemaza pua, hivyo mtu hudhani kuwa harufu imekwisha wakati hatari ndiyo imezidi. Mtu asiingie ndani kwa sababu yoyote, hata tangi likiwa limetoka kunyonywa, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota kitu kilichoanguka. Anayeanguka ndani huwavuta wanaoruka kumwokoa, na vifo vya watu wawili au watatu kwa mpigo kwenye shimo moja hutokea kwa njia hiyohiyo. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na mfuniko ulio wazi, usisimame juu ya zege lenye ufa, vaa glavu, na usiliache shimo wazi hata kidogo wakati watoto wapo uani. Vipimo vyote vinavyoelezwa hapa hufanywa kutoka juu kwa mti mrefu.

Je, ulichonacho ni septiki kweli?

Swali hili lina haki ya kutangulia dalili zote, kwa kuwa mashimo mengi yanayoitwa septiki hayana sifa hiyo. Septiki kamili ina tangi lisilovuja, aghalabu lenye vyumba viwili ambapo cha kwanza huchukua theluthi mbili za ujazo, na lina bomba la kutolea maji linalokwenda kwenye shimo la pili. Ukifungua na kukuta shimo moja tu lililojengwa kwa tofali zilizoachiwa nafasi, hilo ni shimo la kunyonyea linalopokea kinyesi moja kwa moja. Litafanya kazi kwa miaka michache mpaka kuta zake zizibwe na tope. Ukikuta shimo moja lililopigwa plasta pande zote na lisilo na bomba la kutokea, hilo ni karo la kuhifadhi tu. Familia inayotumia lita 480 kwa siku italijaza karo la lita 6,000 kwa siku 12 au 13, na hakuna dawa wala matunzo yatakayobadili hesabu hiyo. Mwenye karo la namna hii asihangaike na sehemu nyingine za mwongozo huu kabla hajachimba shimo la kunyonyea pembeni na kuliunganisha kwa bomba. Fedha za safari chache za gari hulipa kazi hiyo pale ambapo udongo unaruhusu.

Nyumba ya kupanga ina ugumu wake, kwani mara nyingi aliyejenga hayupo na fundi amekwisha kusahau. Njia rahisi ya kujua mpangilio ni kumwaga ndoo mbili za maji yenye rangi ya chakula chooni, kisha kufungua chemba moja baada ya nyingine na kufuata rangi hiyo mpaka inakoishia.

Dalili: maji yanachelewa kushuka au yanarudi

Uliza kwanza kama tatizo liko kwenye choo kimoja au kwenye nyumba nzima. Sinki la jikoni likichelewa peke yake huku vyoo vikishuka vizuri, tangi halihusiki; kizuizi kiko kwenye bomba la jikoni, na karibu kila mara ni mafuta yaliyoganda yakishikana na punje za wali na mchanga wa kusugulia masufuria. Choo kimoja kikirudisha na vingine havirudishi, kizuizi kiko kati ya choo hicho na chemba ya kwanza.

Nyumba nzima ikilalamika, funguo ya jibu iko kwenye chemba. Fungua ile iliyo karibu zaidi na nyumba. Ikiwa kavu au maji yanapita chini kwa wembamba, kizuizi kiko nyuma yake, ndani ya nyumba. Ikiwa imejaa, endelea na inayofuata. Kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu, na fundi mwenye fimbo za kuzibulia anaweza kukiondoa kwa malipo yaliyo madogo sana kulinganisha na gari. Mambo yanayotolewa huko hayashangazi tena mafundi: nepi za watoto, taulo za kike, vitambaa laini vya kufutia, viraka vya nguo na kifuniko cha chupa ya sabuni. Karatasi nyororo ya chooni huyeyuka, lakini gazeti na vitambaa haviyeyuki. Ndoo ndogo yenye mfuniko bafuni ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vinavyotajwa hapa.

Ikiwa kizuizi hurudi mahali palepale kila baada ya muda mfupi, usilipie kuzibuliwa kwa mara ya tatu kabla ya kupima mwinamo. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kwa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita moja, hivyo bomba la mita 10 linapaswa kuwa limeshuka sentimita 25 kutoka mwanzo hadi mwisho. Bomba lililolazwa bila kupimwa, au lililodidimia baada ya gari la mchanga kupita juu yake, hutengeneza bonde ambamo uchafu hutulia. Mizizi nayo huingia kwenye maungio yasiyofungwa vizuri, hasa ya mwarobaini na miti mingine mikubwa inayotafuta maji wakati wa kiangazi. Katika hali hizi mbili, kufukua mita tatu za bomba na kulilaza upya ni kazi ya siku moja.

Chemba zote zikiwa zimejaa mpaka kwenye tangi, fungua tangi lenyewe na utazame usawa wa maji dhidi ya bomba la kutokea. Hapa ndipo uamuzi mkubwa hufanyika. Maji yakiwa sawa na sehemu ya chini ya bomba la kutokea, tangi liko katika hali yake ya kawaida na kizuizi kiko upande wa kuingilia, mara nyingi ni utando mgumu uliojikusanya mbele ya bomba; mti mrefu hutosha kuusukuma. Maji yakiwa juu ya bomba la kutokea, yanakosa pa kwenda, na dalili inayofuata ndiyo yenye kuhusika. Maji yakiwa chini ya bomba hilo wakati hakuna aliyenyonya, tangi lina ufa na linavuja ardhini, jambo ambalo wengine hulifurahia kwa sababu halijai, mpaka kisima cha jirani kianze kunuka.

Dalili: tangi hujaa tena muda mfupi baada ya kunyonywa

Kwanza tuondoe kosa la kawaida. Tangi la lita 3,000 lililonyonywa likauke litarudi kwenye usawa wake wa kawaida ndani ya wiki moja, na mwenye nyumba anayechungulia siku ya saba na kukuta limejaa asidhani kwamba amedanganywa na wenye gari. Tatizo lipo tu ikiwa maji yanapanda na kupita bomba la kutokea.

Yakipita, fungua shimo la kunyonyea. Shimo likiwa na nafasi huku tangi limefurika, bomba linalounganisha vitu hivi viwili limeziba, na hiyo ni habari njema. Shimo likiwa nalo limejaa mpaka juu, kuna mambo matatu ya kuchunguza: maji yanayoingia ni mengi kupita kiasi, kuta za shimo zimeziba, au maji ya ardhini yamepanda. Mambo haya hutenganishwa kwa kipimo kimoja kisicho na gharama. Saa 4 usiku, baada ya kila mtu kuoga, chukua mti mrefu, ushushe mpaka uguse kitu kisichosogea, na uweke alama ya kisu pale maji yanapofikia. Asiwepo anayetumia maji mpaka alfajiri. Saa 11 pima tena.

Maji yakiwa yameshuka, ardhi bado inakunywa, na kiasi kinaweza kukadiriwa. Shimo tupu la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.5 likishuka sentimita 10 kwa saa hizo saba limenywa lita 175 hivi, yaani kama lita 600 kwa siku nzima. Familia inayotumia lita 480 haipaswi kufurika kwa uwezo huo. Ikifurika, basi inatumia maji mengi kuliko inavyodhani. Shimo lililojazwa mawe hushuka haraka zaidi kwa kiasi kilekile cha maji, kwani mawe huchukua sehemu kubwa ya nafasi, hivyo hesabu ipunguzwe hadi karibu theluthi moja.

Maji ya ziada yana vyanzo vichache vinavyojulikana. Cha kwanza ni choo cha kuvuta kinachovuja kimyakimya, ambapo raba ya chini ya sistani imechakaa au floti haifungi. Hakisikiki mchana kwa sababu ya kelele za nyumba. Tia rangi ya chakula ndani ya sistani, subiri robo saa bila kuvuta, na utazame bakuli: rangi ikionekana, mamia ya lita yanaweza kuwa yanapotea kila siku, na unalipa mara mbili, kwenye bili ya maji na kwenye gari la kunyonya. Raba hiyo huuzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Chanzo cha pili ni maji ya mvua. Mafundi wengine huelekeza mifereji ya paa au maji ya uani kwenye chemba kwa sababu ndiyo njia fupi. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20, mvua isiyo ya ajabu katika masika ya Aprili, hushusha lita 2,000, zaidi ya matumizi ya siku nne ya familia yetu ya watu 6, kwa muda wa saa moja. Maji hayo hayajazi tu. Huyakoroga matope yaliyotulia na kuyasukuma kwenye shimo la kunyonyea, na hapo hasara huwa ya kudumu. Yaelekezwe kwenye simtangi au kwenye bustani. Chanzo cha tatu ni siku ya kufua, ambapo nguo za wiki nzima hufuliwa Jumamosi moja. Kuzigawanya kwa siku mbili au tatu hakugharimu kitu.

Maji yakibaki palepale usiku kucha, kuta za shimo zimeziba. Tabaka jeusi lenye utelezi hujijenga pale maji yenye mafuta na chembe yanapokutana na udongo, na huwa nene zaidi kila tope linapovuka kutoka kwenye tangi. Kunyonya shimo kutaleta nafuu ya siku chache, kwani tabaka linabaki ukutani. Tiba yake ya kweli ni mapumziko: shimo likiachwa bila maji kwa miezi kadhaa, hewa huingia na tabaka huoza lenyewe. Ndiyo sababu shimo la pili la kunyonyea, lililounganishwa kwa chemba ndogo inayoruhusu kufunga upande mmoja na kufungua mwingine, ni matumizi bora ya fedha kuliko shimo moja lenye kina kirefu mara mbili. Mashimo mawili yanayopokezana kila mwaka yanaweza kudumu muda mrefu sana.

Maji yakiwa yamepanda usiku bila mtu kutumia, na choo hakivuji, maji ya ardhini yanaingia. Hii ni hali ya Msasani, Jangwani na mabonde mengine ya mji wakati wa masika, na hakuna ufundi wa kunyonya utakaoishinda. Gari litakuwa linajaribu kukausha bonde zima. Hapa kuchimba chini zaidi ni kosa, ingawa ndilo shauri linalotolewa mara nyingi. Kinachosaidia ni kupanda juu: mtaro wa kunyonyea wenye urefu mkubwa na kina kifupi, uliojazwa kokoto na kufunikwa, au tuta la mchanga lililoinuliwa, pamoja na kuziba nyufa za tangi wakati wa kiangazi ambapo zinaonekana. Mwongozo wa kimataifa unataka sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na mahali pasipowezekana jambo hilo, tangi lisilovuja pamoja na uangalifu mkali wa maji ndiyo njia iliyobaki. Udongo wa mfinyanzi, hata kwenye miinuko, hutaka dawa ileile ya urefu badala ya kina.

Dalili: gari limenyonya, lakini tope bado lipo

Lalamiko hili lina haki. Bomba la gari likishushwa sentimita chache tu chini ya usawa wa maji, litavuta maji kwanza, kwa kuwa ndiyo mepesi kuvutika. Tangi la gari hujaa, safari huhesabiwa, na tope hubaki limekaa chini kama lilivyokuwa. Kinga yake ni kupima kabla na baada. Chukua mti wa mita 2 au zaidi, uufunge kitambaa cheupe cha taulo kuukuu kwenye nusu yake ya chini, uushushe polepole mpaka sakafuni karibu na bomba la kutokea, usubiri dakika chache kisha uutoe. Kitambaa kitakuwa cheusi kwa urefu wa tope na kijivu kwa urefu wa maji, na mpaka kati ya rangi hizo huonekana waziwazi. Uso wa tope ukiwa umebakiza chini ya sentimita 30 kufikia mdomo wa bomba la kutokea, au sehemu ya chini ya utando ikiwa imebakiza chini ya sentimita 15, wakati wa kunyonya umefika. Ukiwa mbali na vipimo hivyo, subiri, na andika tarehe na kipimo kwenye ukuta wa ndani wa stoo ili mwaka ujao ulinganishe.

Siku ya gari, hakikisha vyumba vyote viwili vya tangi vimefunguliwa, na omba tope likorogwe kwa kurudishiwa maji kidogo kwa nguvu kabla ya kuvutwa. Wafanyakazi wazoefu hufanya hivyo bila kuombwa.

Tangi likiwa tupu, tazama kutoka juu kwa tochi kama kuna tii kwenye bomba la kutokea. Hiki ni kipande cha plastiki chenye umbo la herufi T, cha thamani ndogo mno, kisichofungwa katika matangi mengi ninayosikia habari zake. Mkono wake wa chini hushuka hadi theluthi moja hivi ya kina cha maji, ili maji ya katikati ndiyo yatoke, wala si utando wa juu wala tope la chini. Bila tii, mafuta hutiririka moja kwa moja kwenye shimo la kunyonyea, na kila mwaka unaopita hupunguza umri wa shimo. Fundi anaweza kuifunga kutoka kwenye mdomo wa mfuniko bila kuingia ndani, iwapo mfuniko ulijengwa juu ya bomba hilo. Kama haukujengwa hapo, kuukata mdomo mwingine mdogo kwenye zege ni gharama inayostahili.

Dalili: harufu

Harufu ya bafuni tu, hasa ile ya wageni isiyotumika, mara nyingi ni ya mtego wa maji uliokauka sakafuni. Mwaga bakuli la maji na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke haraka. Harufu ya uani jioni hutokana na mifuniko iliyovunjika kingo, ambayo huzibwa kwa udongo laini au sementi hafifu inayoweza kubanduliwa tena, au na bomba la hewa lililo fupi. Bomba hilo lipite juu ya paa na liwe na wavu wa mbu mdomoni. Lililoishia usawa wa dirisha huipeleka harufu ndani ya nyumba. Harufu kali inayoanza ghafla mahali ambapo haikuwepo hustahili kufunguliwa tangi na kutazamwa, kwani huenda limefurika.

Mbu ni ndugu wa harufu. Aina ya mbu anayependa maji machafu ya mashimo haya ndiye anayeeneza matende na mabusha mijini na pwani. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitandaza punje nyepesi za polistirini juu ya maji ya vyoo vya shimo, na safu hiyo ikawazuia mbu wasizaliane. Kwenye tangi lenye bomba la kutokea punje hizo zingeponyoka, hivyo wavu na mifuniko isiyo na mwanya hutosha.

Dalili: ardhi yenye unyevu, au kisima kilichobadilika

Majani mabichi yaliyostawi mahali pamoja wakati wa kiangazi yana maana kwamba maji yanatoka karibu na uso. Migomba na mipapai iliyopandwa hapo hunywa maji hayo kwa furaha, na wengi huipanda kwa makusudi, lakini mboga za kuliwa mbichi zisipandwe. Kisima kikianza kuwa na ladha au harufu, acha kunywa maji yake na yapimwe. Umbali unaopendekezwa kati ya shimo na kisima ni angalau mita 30, umbali ambao viwanja vingi vya mji haviwezi kuupata, na kwa hiyo maji ya visima vya mitaa iliyobanana yatumike kwa kufulia na kusafishia.

Kuhusu dawa, chumvi na kutapisha

Chupa na pakiti zinazoahidi kumaliza tope hununuliwa kwa matumaini makubwa. Kinyesi chenyewe kina bakteria wa kutosha, na tangi halihitaji mbegu ya kuanzishia. Wapo wanaomwaga chumvi ya magunia au mafuta ya taa. Chumvi huua wale wadudu wanaofanya kazi na mafuta ya taa huenda moja kwa moja kwenye maji ya ardhini. Tindikali za kuzibulia hula bomba na raba. Klorini ya kusafishia bakuli kwa kiasi cha kawaida haileti madhara makubwa. Galoni nzima kwa mara moja ndiyo yenye kudhuru. Fedha ya dawa ya mwaka mmoja ingejenga kinasa mafuta cha jikoni: kijishimo cha tofali cha sentimita 60 kwa 60, ambamo maji ya sinki hupoa, mafuta huelea na kuchotwa kila wiki, na maji hutoka kupitia bomba lililopinda kwenda chini. Kwa nyumba inayokaanga chipsi au maandazi ya kuuza, kinasa hiki si cha hiari.

Kutapisha, yaani kufungulia shimo kwenye mtaro mvua inaponyesha, huonekana ni bure. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na ile ya afya ya jamii ya mwaka 2009 zinalikataza, na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulionyesha gharama ya maji machafu kuchanganyika na ya kunywa. Shimo linalotapishwa kila masika halipimwi wala halitengenezwi, na tatizo la mwaka huu ndilo litakalokuwepo mwaka kesho.

Kupunguza bei ya gari lenyewe

Vipimo vikionyesha kuwa tope limefika kiwango, bado bei ina nafasi ya kushuka. Ita gari kati ya Juni na Septemba, kabla ya vuli, wakati foleni ni fupi na njia za mitaani zinapitika. Katika masika kila mtu analihitaji siku ileile. Uliza ujazo wa gari kwa lita kabla ya kukubaliana, kwa sababu safari ya lita 5,000 na ya lita 10,000 huitwa safari moja katika mazungumzo ya simu. Gari la lita 10,000 linaweza kunyonya matangi matatu ya lita 3,000 katika safari moja, na majirani wanaokubaliana mapema hugawana malipo kwa tatu. Pima umbali kutoka barabarani mpaka kwenye mfuniko. Mipira ya ziada mara nyingi hulipiwa, na nyumba iliyo ndani sana hukosa huduma kabisa. Ukijenga upya, weka tangi upande wa barabara. Omba risiti yenye namba ya gari na mahali pa kumwaga, kwani dereva anayemwaga bondeni usiku anakuuzia bei nafuu kwa gharama ya mtaa mwingine.

Baada ya kunyonya, tangi la plastiki lililozikwa mahali penye maji ya ardhini ya juu lijazwe maji safi hadi nusu siku hiyohiyo, la sivyo linaweza kuinuliwa na maji yanayolizunguka na kung'oa mabomba. La zege halihitaji hivyo katika hali nyingi. Funga mfuniko, ziba kingo zake, na uweke alama ya kudumu juu ya mahali ulipo, kwa sababu fundi atakayekuja baada ya miaka minne atahitaji kuupata bila kuchimbua ua mzima.